Geti Linalopisha Kimchi

Ijumaa, 3 Novemba

"Umaskini hauletwi na mtu. Watu wa aina moja hufuatana wenyewe, kama maji yanavyotafuta bonde, na sisi wakazi wa majengo 101 hadi 108 tuna haki ya kujenga ukingo."

Hayo yamebandikwa leo kwenye ubao wa matangazo, yamesainiwa na Pyo Gi-seok, mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba. Chini yake kuna picha ya geti jipya la chuma lenye vibonyezo vya namba.

Nimelisoma tangazo hilo mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Miaka ishirini nilikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji na mkono haujasahau kazi yake. Kosa la kwanza ni la jiografia. Majengo yetu ya kupanga, 109 na 110, yako kileleni mwa kilima. Jengo la Mwenyekiti Pyo liko chini kabisa. Kama umaskini ni maji yanayotafuta bonde, saa hizi angekuwa anauchota sebuleni kwake kwa ndoo.

Kosa la pili ni la historia. Sisi hatukufuatana, tuliletwa kwa fomu. Nyumba za 109 hutolewa kwa pointi: mjane ana zake, kipofu ana zake, mzee asiye na mtoto ana zake, mama anayelea peke yake ana zake. Mimi nilikuja miaka kumi na moja iliyopita pamoja na marehemu mama, ambaye hakuwa akiona, na pointi zetu zilikuwa nyingi hadi karani akatupongeza. Sasa mtu auchuje mji mzima, atoe kila aliyefiwa, aliyevunjika na aliyeachishwa kazi, awapange wote kwenye majengo mawili, kisha asimame chini aseme, "Tazama wanavyofuatana!" Huyo ni mtu aliyemimina maharage kwenye bakuli, halafu akashangaa jinsi maharage yanavyopendana.

Jumatatu, 6 Novemba

Geti limefungwa rasmi. Njia ya kupita bustanini kwao hadi stesheni ilikuwa dakika nne. Sasa tunazunguka nyuma ya kilima kwa mteremko, dakika ishirini na tano kwa mwenye magoti.

Bibi Guk Sun-rye hana magoti. Ana miaka sabini na saba, anakaa ghorofa moja chini yangu, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huenda kliniki iliyo karibu na stesheni kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu figo zake zimestaafu. Lazima awe kitandani saa tatu kamili. Akichelewa, muda wake unakatwa, maana saa saba kitanda ni cha mwingine.

Leo alizunguka na kigari chake cha kusukuma. Alitumia dakika hamsini na tano. Amerudi amevimba uso.

"Mwalimu," akaniambia, maana wananiita hivyo kwa kuwa nawaandikia barua, "mwandikie yule mwenyekiti. Mwambie figo zangu hazishushi bei ya nyumba ya mtu. Zimekufa, zinanuka mimi tu."

Nimeandika kurasa sita.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Nimepeleka barua. Mlinzi wa geti ni Bwana Ma, ambaye anakaa 110, yaani upande wetu. Nikamuuliza, "Wewe ukimaliza zamu unarudije nyumbani?"

"Nazunguka."

"Na namba unaijua?"

"Naijua. Lakini mimi ni mlinzi mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ni maskini, siruhusiwi."

Alisema bila kucheka, halafu tukacheka wote wawili mpaka mwavuli wake ukageuka ndani nje.

Jumatano, 8 Novemba

Msimu wa kutia kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa kwa pilipili, umeanza. Kila nyumba inatia kabichi chumvi, na kila kampuni, kanisa na mgombea wa kiti cha udiwani anakumbuka kwamba maskini wapo. Lori la kwanza lilifika saa mbili na dakika ishirini: wafanyakazi thelathini wa kampuni ya bima wenye glavu nyekundu za mpira na aproni mpya, na bango lenye neno Upendo.

Bwana Ma akafungua geti lote, mbawa mbili. Lori la hisani lina kibali. Bibi Guk alikuwa amesimama pale na kigari chake, amejiandaa kuzunguka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akapita ubavuni mwa lori kama mtu anayesindikiza mzigo. Saa tatu kasoro robo alikuwa kitandani.

"Nimepita kama kimchi," aliniambia mchana. "Wamenipisha, hata mmoja akaniinamia kwa heshima."

Alhamisi, 9 Novemba

Mama Da-on amepata wazo. Yeye yuko ghorofa ya tatu na binti yake wa miaka saba. Zamani alikuwa akipokea simu za malalamiko katika kampuni ya mashine za kufulia, na ana sauti inayoweza kumtuliza mtu ambaye nyumba yake imejaa povu.

"Malori yanakuja siku yoyote yanayotaka," akasema. "Kwa nini tusiyapangie?"

Akapiga simu kumi na mbili mbele yangu. "Ndiyo, jengo 109. Ndiyo, wazee ni wengi. Jamani, mna roho nzuri. Jumanne? Jumanne wazee huwa wamechoka. Jumatatu asubuhi wanakuwa na nyuso nzuri zaidi kwa picha. Saa mbili na dakika ishirini. Msichelewe, mwanga unabadilika."

Ijumaa, 10 Novemba

Kanisa. Boksi arobaini. Bibi Guk alifika mapema.

Jumatatu, 13 Novemba

Benki. Boksi sitini. Alifika mapema, na wengine sita wakapita naye, wakiwemo mafundi wawili wa kupaka rangi waliokuwa wanachelewa kazini.

Jumatano, 15 Novemba

Chama cha wauza magari. Boksi hamsini na tano. Picha zilichukua muda, geti likakaa wazi dakika ishirini. Mama Da-on amewaandika wale wauza magari kuwa rafiki wa kudumu.

Jumamosi, 18 Novemba

Leo nimepita milangoni kuuliza nani bado ana nafasi kwenye friji. Hakuna. Mzee wa ghorofa ya nane amehamishia soksi kwenye friji ili kimchi ikae kabatini, anasema kabatini ni baridi zaidi. Baraza za nje zimejaa boksi. Kimchi inachacha, vifuniko vinavimba, na mara kwa mara kunasikika mlio wa kifuniko kuruka, ndipo mtoto mmoja anapiga kelele, "Hisani imepasuka!"

Nataka hili niliandike kwa uangalifu kwa sababu ni la kweli na halichekeshi. Kule mtaa wa chini, nyuma ya soko, kuna wajane kwenye vyumba vya kupanga ambao hawajaona hata boksi moja. Kampuni ikitaka kumpenda maskini, humtafuta kwenye orodha, na orodha ina anwani moja. Daktari wa watoto alipohama hapa kilimani miaka minne iliyopita alitumia orodha hiyohiyo kutukimbia. Duka la dawa lilimfuata. Muuza kuku wa kukaanga akisikia "109" kwenye simu anasema pikipiki imeharibika. Kwa hiyo tuko watu mia tatu na kitu tusio na daktari, tusio na dawa, wala njia, lakini kwa kabichi hakuna mfalme anayetufikia.

Jumatatu, 27 Novemba

Afisa wa ustawi wa wilaya amekuja, binti mpole mwenye kishikwambi.

"Mwalimu Ok," akaniita kwa jina la ukoo, "takwimu zenu zinatutisha. Maombi ya kimchi ya jengo hili yamepanda mara tano kuliko mwaka jana. Wilaya imewapandisha daraja. Sasa nyinyi ni Eneo la Uhitaji Mkubwa Maalumu."

"Tunapata nini kwa daraja hilo?"

Akatazama kishikwambi. "Kimchi."

Nikamweleza habari ya geti tangu mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza vizuri sana, kisha akasema kwamba fomu yake ina nafasi ya chakula, nguo, mafuta ya kupashia nyumba na upweke. Geti halina nafasi. Nikamwambia aliandike kwenye upweke. Akaliandika, Mungu ambariki.

Jumatatu, 4 Desemba

Walimu wastaafu. Boksi ishirini tu. Msimu unaisha. Mama Da-on sasa anapiga simu mpaka miji ya jirani.

Ijumaa, 8 Desemba

Lori la mwisho. Klabu ya wapanda milima. Wakatuuliza kama tuna lolote la kuwaambia wafadhili. Bibi Guk akasema, "Waambieni Januari watu pia wanakula."

Jumatatu, 11 Desemba

Hakuna lori. Amezunguka. Dakika hamsini.

Jumatano, 13 Desemba

Hakuna lori. Saa moja na dakika tano. Mteremko umeanza kushika barafu.

Ijumaa, 15 Desemba

Theluji tangu alfajiri. Teksi tatu zilikubali kuja, zikaona mteremko, zikageuza. Nilimshika Bibi Guk mkono wa kushoto, Mama Da-on wa kulia, tukafika getini.

"Bwana Ma, fungua."

Akanyoosha kidole juu. Wameweka kamera. Imemwelekea yeye, haijaelekea njia.

"Bwana Ma, huyu ni Sun-rye. Mwaka jana ulikula uji wa maharage mekundu nyumbani kwake."

"Mwalimu, nikifungua, kesho wanaajiri mwingine, na huyo mwingine hatawajua hata majina." Akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie mwenyekiti."

Akapiga. Tulisikia sauti ya Pyo ikitoka kwenye simu, tulivu kabisa: "Leo ni kwa mgonjwa mmoja, kesho ni kwa mgonjwa mwingine. Kule wote ni wagonjwa." Nakiri kwamba nilijibu. Nilijibu kwa sauti ya kutosha majengo nane, na sehemu ya nilichosema sitaiandika hapa kwa sababu Da-on amejifunza kusoma.

Tulijaribu mteremko. Hatua kumi, Bibi Guk akaketi kwenye theluji, kwa hiari yake, kama mtu anayeketi kituoni kungoja basi.

"Nirudisheni," akasema. "Nikivunjika nyonga nitaongeza pointi, na sina pa kuziweka."

Kliniki wakasema aje Jumatatu. Jumatano mpaka Jumatatu ni siku tano. Kila mtu wa mashine ile anajua maana yake.

Jumapili, 17 Desemba

Asubuhi hakuweza kupumua akiwa amelala. Miguu ilikuwa kama magogo. Nikaita gari la wagonjwa. Likazunguka, likapanda mteremko nusu, likaanza kurudi kinyumenyume kwa adabu mpaka likaegemea mti.

Vijana wawili wa gari wakaja kwa miguu na machela. Tukashuka nao mpaka getini, Bibi Guk amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Bwana Ma akatoka kwenye kibanda chake. Akaitazama kamera, akavua kofia yake ya kazi, akaining'iniza juu ya kamera. Akafungua mbawa zote mbili.

"Kama lori la kimchi," Bibi Guk akasema kwa pumzi iliyobaki. "Ma, umenipa heshima."

Dakika nne. Daktari akasema saa moja zaidi na angekuwa anazungumza na ndugu zake. Hana ndugu. Angezungumza na mimi.

Jumanne, 19 Desemba

Bwana Ma amepewa onyo la maandishi. Kosa: "Kutoandika machela kwenye daftari la wageni."

Ijumaa, 22 Desemba

Bibi Guk amerudi, na leo ni siku fupi kuliko zote, kwa hiyo kama desturi tumekula uji wa maharage mekundu kwake. Boksi za kimchi zimepangwa mpaka dirishani, hakuna mwanga. Ndipo Mama Da-on akasema, kijiko kikiwa mdomoni, "Geti linafunguliwa kwa hisani, sivyo? Hakuna aliyesema hisani lazima ielekee juu."

Tukamtazama. Hata uji uliacha kuchemka.

Jumamosi, 23 Desemba

Nimeishi miaka hamsini na mitatu na sijawahi kupata siku nzuri kama hii.

Saa nne asubuhi tulishuka watu arobaini. Glavu nyekundu tulikuwa nazo, aproni tuliachiwa na benki. Boksi mia mbili kwenye vigari vya kusukuma. Mbele bango nililoliandika mwenyewe: KIMCHI YA UPENDO KWA WAKAZI WENYE UHITAJI WA MAJENGO 101 HADI 108. Mama Da-on alikuwa amemwita mpigapicha wa gazeti la wilaya, akamwambia mwanga ni mzuri.

Bwana Ma akasoma kanuni kwa sauti mbele ya kamera: "Misafara ya hisani inaruhusiwa." Akafungua.

Mwenyekiti Pyo akaja na koti la nyumbani juu ya suti. "Nani amewaambia sisi tuna uhitaji?"

"Tumefanya utafiti," nikasema. "Watu wa aina moja hufuatana. Majengo manane, na hakuna anayejua jina la jirani yake. Eneo la Uhitaji Mkubwa Maalumu."

"Huu ni utani."

"Mwenyekiti, tazama huku!" akaita mpigapicha. "Shika boksi na mama huyu. Tabasamu. Inama kidogo, wewe ndiye mpokeaji." Mtu akiambiwa tabasamu na kamera, uso hutii kabla ya akili. Pyo akatabasamu. Akainama.

Tulipanda ngazi kwa ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa milango kufungwa usoni, nilikuwa na hotuba tatu. Sikutumia hata moja. Walifungua. Nusu yao hawakutia kimchi mwaka huu: mmoja anafanya kazi mbili, mmoja mama mkwe amefariki na hakuacha vipimo. Bi. Do wa 106 alishika boksi, akatazama ujia, akasogeza mdomo sikioni kwangu.

"Nne, tisa, sifuri, moja," akanong'ona. "Usiseme ni mimi."

Mlango uliofuata: "Nne, tisa, sifuri, moja. Mume wangu asijue." Mlango mwingine, mzee mmoja akaiandika kwenye kifuniko cha boksi na kunirudishia kifuniko. Mama Da-on alipewa namba mara kumi na moja, akaanza kuwakatiza: "Asante, ninayo, kula tu."

Ghorofa ya juu ya 104 anakaa Pyo. Nilikwenda mwenyewe. Sebule tupu, kiti kimoja mbele ya runinga, fimbo ya nyonga mbovu ukutani, picha ya marehemu mkewe.

"Kuna yenye chaza?" akauliza, haniangalii. "Yeye alikuwa anatia chaza."

Nilimletea ya chaza. Nikishuka ngazi nikajikuta nafanya hesabu ya fomu: mjane, zaidi ya miaka sitini na mitano, ulemavu wa nyonga, anaishi peke yake. Pointi zake zinatosha kabisa kuingia 109. Kasoro yake moja ni kwamba ana nyumba. Nilikuwa nimemchukia kwa wiki saba bila kupumzika, na nakasirika kwamba sasa naweza kufanya hivyo siku za kazi tu.

Jumatano, 27 Desemba

Pyo amebadilisha namba jana. Leo asubuhi watu wanne walitupa mpya kabla ya saa mbili. Bwana Ma anasema, "Nasahau namba mimi, watu wa 109 wananikumbusha."

Ijumaa, 29 Desemba

Namba mpya. Dakika nne.

Jumatano, 3 Januari

Namba mpya. Dakika nne. Bibi Guk ameniambia amepungua uvimbe na ameongezeka siri.

Jumatatu, 8 Januari

Tangazo jipya. Namba zitaondolewa, zitawekwa kadi, kila kadi na picha ya mwenye nyumba. Kadi hainong'onwi. Wenye nyumba watapiga kura Jumamosi tarehe 20: kadi, au geti liwe wazi tangu alfajiri mpaka jioni. Wengi wa watakaohudhuria ndio wataamua. Sisi wapangaji hatuna kura. Hatuna hata kiti.

Alhamisi, 11 Januari

Nimekwenda kwa Bi. Do nikamwomba aseme kwenye mkutano. Akanimiminia chai, akanisifia kimchi, akafunga dirisha.

"Dada Ok, mimi niko upande wenu. Lakini pale ukumbini watu watanitazama."

"Watakutazama akina nani?"

Akataja wanane. Sita kati ya hao wamenipa namba.

Jumatano, 17 Januari

Nimerudia shajara hii tangu mwanzo na kalamu nyekundu, na nimesahihisha jambo moja tu la maana. Novemba niliandika kana kwamba huko chini kuna adui mmoja mwenye majengo manane. Si kweli. Kuna mjane mmoja mwenye hofu na kalamu, na nyuma yake watu wazuri wengi waliokaa kimya. Huo ukimya ndio uzio. Chuma ni bei rahisi tu, kinanunuliwa.

Kesho nitanakili kurasa hizi na kuzipitisha chini ya milango yote ya 101 hadi 108. Sitamtaja mtu aliyenong'ona. Namba za milango yenu nitazifuta kwenye nakala, na majina pia. "Do" si jina la kweli la yule mama.

Lakini nyinyi mnajijua. Mko thelathini na mmoja, nimewahesabu mara mbili. Mikutano ya kamati huhudhuriwa na watu hamsini wakijitahidi. Mmetosha. Mmekuwa mkitosha tangu Desemba, kila mmoja akidhani yuko peke yake mlangoni kwake.

Msituazime kadi zenu kwa siri. Sitaki Sun-rye aishi kwa kuazimwa. Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa chini wa jengo 104, Mwenyekiti atauliza nani anataka geti liwe wazi. Tazamaneni. Inueni mikono, kila mmoja wenu, na msiishushe mpaka awe amehesabu wote.